Mchanga Uliotangulia Nyumbani

Mchanga ukifa unanuka mayai viza. Hilo nilifundishwa na mume wangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nami nilicheka mpaka nikashika mbavu, maana kwetu Tanga mchanga ni mchanga: unaukanyaga, unaupepeta, unajengea nyumba. Yeye hakucheka. Alichota kiganja kimoja kutoka kwenye tangi lake la kioo, akanisogezea puani, akaniambia ninuse. Ulinuka bahari, basi. Akanieleza kwamba humo mna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokula uchafu wa samaki na kuyafanya maji yakalike. Tangi la maji ya chumvi lisilo na mchanga hai, alisema, ni sufuria ya kuulia samaki taratibu.

Huyu aliyenifundisha habari za bahari alizaliwa Ihembe, Karagwe, kwenye migomba na mibuni, mahali ambapo wengi bahari wanaijua kwenye Biblia tu. Alishuka pwani kijana, akapata kazi ya kusafisha matangi ya samaki kwenye hoteli moja Dar es Salaam, akaishia kuwa fundi anayeitwa kila mahali samaki walipoanza kuelea ubavu. Nyumbani tulikuwa na tangi letu, refu kama kitanda cha mtoto, na mchanga wake ulikuwa uleule tangu kabla sijaolewa. Samaki walikufa wakaletwa wengine, kioo kilipasuka tukanunua kingine, nyumba tukahama, mchanga ukabaki. Nilikuwa nikimtania kwamba nyumba ikishika moto ataokoa mchanga kwanza, halafu ndiyo akumbuke kwamba alikuwa na mke.

Kisha akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala na maneno yakampotea yote. Yalibaki macho, mkono wa kushoto, na sauti moja ya kuguna ambayo niliitafsiri nilivyoweza. Wanasema hujafa hujaumbika. Ni methali ya kweli, lakini mtu akikuambia wakati umeshika bakuli la uji na kitambaa cha kumfutia mumeo mdomo, unatamani kumwagia huo uji.

Daktari alipotuambia kwamba kilichobaki ni mazoezi na subira, ndugu zake waliomba arudi nyumbani. Niliona ni haki. Mjini tulikuwa wawili tu, juu ya ngazi tatu za nyumba ya kupanga, na kule alikuwepo mama yake, dada yake, na uwanja tambarare wa kujifunzia kutembea. Nikaanza kufungasha. Samaki tuliwagawia mafundi wenzake. Vijana waliokuja kulifunga tangi waliniuliza mchanga wautupe wapi, na kabla sijajibu mume wangu akapiga mkono wa kiti kwa kiganja chake cha kushoto. Akapiga tena. Akaunyooshea mchanga kidole, halafu akakigeuza kile kidole kuelekea mlangoni, nje, mbali.

Nikamuuliza kama twende nao. Akaguna. Nikamuuliza kama twende nao Karagwe. Akafumba macho, akaguna tena, na chozi likamtoka kwenye jicho la upande ulio mzima.

Nikaona nimeelewa. Fundi anataka kulisimamisha tena tangi lake kwao, na mtu anayepanga kusimamisha tangi anapanga kuishi. Tangu aanguke sikuwahi kuona dalili ya kwamba yeye mwenyewe anataka kuishi. Alikula kwa sababu nilimlisha, akageuka kwa sababu nilimgeuza. Siku ile nilipika pilau, nikampigia simu mama yangu anisomee dua kwenye Quran, mimi niliyeacha msikiti nikamfuata mume kanisani miaka yote ile. Furaha ilinichanganya.

Mchanga hai hausafirishwi ovyo. Unatiwa kwenye ndoo pamoja na maji yake ya chumvi, yaufunike kidogo tu, na mfuniko haubanwi muda mrefu, kwa kuwa wale viumbe wanahitaji hewa. Ukiubana wanakufa, na wakifa wanaoza humohumo, mchanga unakuwa mweusi. Nilipata lori lililoshusha kahawa mjini na kurudi Karagwe tupu, likakubali kubeba ndoo zetu tatu. Nilibana mifuniko kwa ajili ya njia tu. Sisi tungefuata siku chache baadaye, na tangi letu limefungwa kwenye godoro.

Hatukufuata. Mume wangu alishikwa na homa ya mapafu tukarudi hospitali, tukatoka, tukarudi, na miezi ikapita. Nikawa nampigia wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye aliolewa Kaisho lakini alikuwa amekuja kukaa na mama. Nilimwambia ndoo zikae kivulini, mtu asiuchukue ule mchanga kujengea, na mchana wafungue mifuniko. Akasema sawa. Kila nilipopiga alisema sawa, na kila mara sauti yake ilikuwa chini zaidi. Nilidhani ni mtandao.

Tulifika Ihembe mchana mmoja mvua ikiwa imetoka kunyesha, na uwanja ulijaa watu. Sebuleni walikuwa wametandika nyasi mpya, wanawake wamekaa juu yake, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikapitishwa mkono kwa mkono. Hakuna aliyepaza sauti. Mama mkwe wangu, mwanamke mrefu aliyenyooka kama mlingoti ingawa umri umekwenda, alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili. Nikampa shikamoo. Akaniitikia akiniita mukamwana, yaani mke wa mwanawe, akanishukuru kwa kumfikisha.

Neno hilo, kumfikisha, lilinikaa vibaya. Siku zilizofuata nikaelewa kwa nini. Kila siku walikuja watu, huyu na mkungu wa ndizi, yule na maharage kwenye kikapu, wakaketi, wakashusha pumzi, wakaomba. Wote ni watu wema, siwezi kuwasema. Lakini walizungumza juu yake naye yupo pale kwenye kiti. Alikuwa mtoto mtulivu. Alikuwa hasahau kwao. Mzee mmoja aliposema marehemu baba yake angefurahi kumpokea, nilimjibu kwamba marehemu asubiri kwanza, mwanawe ana mazoezi saa kumi. Watu wakatazama nyasi. Wifi yangu akanivuta jikoni akaniambia, kwa upole, kwamba huku hatuongei hivyo.

Na mazoezi yenyewe yalinishinda. Nikimsimamisha, mama anakuja na mto, anamketisha. Mwache apumzike, mukamwana. Nikimwachia kikombe akishike mwenyewe, mama anakichukua na kumnywesha, anamwimbia taratibu kwa Kinyambo, lugha yao, nyimbo ambazo wifi alisema ni za kubembelezea watoto wachanga. Yule mwanamume wa miaka hamsini na ushee alifungua mdomo, akameza, akatazama ukutani. Nikajiambia kwamba tangi likisimama ataamka.

Nikauliza mchanga wangu uko wapi.

Mama akasimama, akanipeleka mimi na wifi chumba cha ndani, chumba alichofia baba mkwe. Ndoo zilikuwa pale zimepangwa ukutani, zimefunikwa shuka jeupe lililopigwa pasi. Mifuniko ilikuwa imebanwa na kufungwa kwa kamba za migomba, mafundo mawili mawili. Hakuna aliyezifungua tangu zishushwe kwenye lori, isipokuwa panya, waliotafuna ukingo wa mfuniko mmoja. Nikakata kamba ya ndoo ya kwanza, nikainua. Ile harufu ilitoka kama kitu kilichokuwa kikingoja mlangoni. Nikafungua ya pili, ileile. Mchanga mweupe wa mume wangu, miaka yote ile ya kazi yake, ulikuwa mweusi tititi.

Nilipogeuka, mama alikuwa ametoka. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga na anatembea kuelekea kwenye migomba. Nilimgeukia wifi yangu kwa ghadhabu nikamuuliza kwa nini hawakufungua, nilisema mara ngapi wafungue. Wifi alilia ndipo akaniambia.

"Wifi, mama anajua ni mchanga wa kaburi la mumeo. Nani angefungua? Kufungua ni kumwitia kifo."

Ilibidi anieleze polepole, mimi mtu wa kuja. Huku mtu huzikwa kwenye kibanja chake, kwenye migomba ya baba zake, na kaburi hujengewa saruji. Mchanga mzuri wa kujengea haupatikani kila mahali, hubebwa kutoka mbali. Sasa mtoto ni mgonjwa wa kiharusi, anarudishwa nyumbani, na kabla hajafika, mchanga wake unatangulia, umefungwa vizuri, na maagizo kwamba usitumike kwa kazi nyingine yoyote. Mama yake angeelewa nini? Alielewa kwamba mwanawe amejua siku zake, na kwa heshima aliyonayo hakutaka kumtwisha mama mzigo wa kutafuta mchanga. Aliulaza kwenye chumba cha mumewe, akaufunika, na kila alipopita mlango ule alimwomba Mungu autunze usihitajike upesi.

Hasira yangu yote ilikosa pa kwenda. Nilimfuata mama kule kwenye migomba nikamkuta ameketi kwenye jiwe, nikampigia magoti nikamweleza: ni mchanga wa tangi la samaki, ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya, nilipaswa kusema wazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema ni wa samaki.

Nikamwambia hawezi kusema. Nilimuuliza kama anataka twende nao Karagwe, akakubali.

"Basi alisema anakuja nyumbani na mchanga wake," mama akasema. "Wewe umeishi naye, mukamwana, lakini mimi nimemzaa. Mtu wa kwetu akisema hivyo, ulitaka aongeze neno gani?"

Nilirudi nikachuchumaa mbele ya kiti cha mume wangu, nikamshika goti. Nikamuuliza: ule mchanga ni wa samaki? Akaguna. Nikamuuliza: ni wa kaburi lako? Akaguna, sauti ileile, urefu uleule. Kisha akageuza uso. Nilikumbuka kidole chake siku ile, kilivyoelekea mlangoni, nje, mbali. Nilikumbuka chozi. Nikaanza kuona kwamba nilipika pilau siku ambayo mume wangu alikuwa akiniaga.

Wiki ile nilikuwa mtu wa ovyo. Sikumfanyisha mazoezi. Mama alipokuja na mto nilimpisha. Watu walipokuja kuomba nilifumba macho nikaomba nao, na waliposema “alikuwa”, sikumsahihisha mtu. Nililala kando yake nikisikiliza pumzi zake na nikajiuliza kama nimekuwa nikimburuta mtu aliyekwisha kuamua. Hakuna kitu kibaya kama kumpenda mtu asiyeweza kukuambia anataka nini. Unabaki unamwekea maneno yako mdomoni, halafu unayatii kama yake.

Lakini harufu haikungoja niamue. Nyumba nzima ilinuka. Nikamwambia wifi tuzitoe ndoo barazani tuuoshe ule mchanga, maana hata wa kaburi hauwezi kukaa na uvundo ule. Niliyasema hayo kwa kinywa changu mwenyewe, na nilimwona mama anainamisha kichwa. Tukaweka mabeseni, tukafungua bomba la simtanki la maji ya mvua. Mume wangu tulimketisha palepale barazani kwa sababu ndani hakukaliki.

Ndoo mbili za kwanza tuliziosha asubuhi nzima. Unamwaga maji, unakoroga kwa mkono, weusi unapanda juu kama wino, unamwaga, unarudia. Mama alikuja akachuchumaa upande wa pili wa beseni akaanza kukoroga na sisi, bila kuambiwa, mikono yake ya kuchambulia kahawa ikiingia na kutoka. Wanawake watatu tunaosha mchanga wa mtu aliye hai, naye anatuangalia. Taratibu ukaanza kurudia weupe wake. Ulikuwa mchanga mzuri, lakini mchanga tu sasa, haukuwa na kitu ndani.

Ya tatu ndiyo ile ambayo panya walitafuna mfuniko. Nilipoifungua, chini kulikuwa na weusi kidogo, lakini juu ulikuwa wa kijivu, na haukunuka uvundo. Hewa ilikuwa imepata njia. Nilichota kiganja nikanusa, na ilikuwa bahari. Nililia pale, bila kelele. Nilijua maana yake: humu bado mna uhai, na mtu angetaka, angeutandaza mchanga huu juu ya ule tuliouosha, na wale viumbe wangeshuka wakajaa humo tena baada ya wiki kadhaa. Mume wangu alinifundisha hivyo. Nilijua pia kwamba maji ya mvua yangewaua wote pale pale, kwa kuwa hawawezi kuvumilia maji yasiyo na chumvi.

Nikajiambia, kwa nani? Samaki hakuna. Fundi amekata shauri. Nikachota jagi la maji ya mvua nikalielekeza kwenye ndoo.

Mkono wake wa kushoto ulinidaka kifundo cha mkono. Hakunigusa tu, alinidaka, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, mpaka alama ilibaki. Maji yakamwagika miguuni mwangu. Alikuwa ameinama kiasi kwamba alikaribia kuanguka kwenye kiti, na macho yake hayakuwa yakiniangalia mimi, yalikuwa kwenye ndoo. Nilijaribu kulisogeza tena jagi, kidogo tu, nijue kama nimeelewa. Akanikaza zaidi. Kisha akaniachia, akanyoosha kidole ndani kupitia mlango, kwenye mizigo yetu, kwenye mfuko wa chumvi ya tangi tuliokuja nao kutoka mjini, ile ya kutengenezea maji ya bahari.

Wifi aliuliza amekuwaje. Nilikwenda nikauleta mfuko, nikapima chumvi, nikaikoroga kwenye ndoo safi, naye akafuatilia kila kijiko. Nilipodhani imetosha aliguna, nikaongeza. Nikamsogezea, akachovya kidole, akakionja, akafikiri kama alivyokuwa akifikiri zamani mbele ya matangi ya watu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Mama alikuwa bado amechuchumaa, mikono inadondoka maji. Akaniuliza kwa nini zile ndoo mbili alituacha tuzioshe kwa maji ya mvua na hii amekataa. Nikamweleza. Zile mbili zilikwisha kufa, maji yoyote yanazifaa. Hii ina vitu hai ndani yake, maji ya mvua yangeviua, inataka maji yake yenyewe. Nikasema, na sikuwa na hakika kama Kiswahili changu kinamfikia, kwamba mchanga wa kaburi ungeoshwa hata kwa maji ya mtoni, Mama. Asingenishika mkono.

Mama akamtazama mwanawe.

"Mpe maji yake," akasema.

Nikalijaza lile jagi maji ya chumvi, nikampa mama mwenyewe alishike, naye akaumwagia ule mchanga pole pole kwa ukingo, kama mtu anayemwogesha kichanga asimwingize maji masikioni. Mume wangu aliangalia mpaka tone la mwisho. Mama akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda mbele ya kiti, akajishika kiuno, akaanza kuongea Kinyambo. Nilidhani anaomba. Lakini sauti ilipanda, na wifi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka tangu tufike, aliziba mdomo.

Alikuwa akimgombeza. Wifi alinitafsiria anayoweza: kwamba ameniacha mkewe nibebe ndoo kama punda; kwamba ndevu zile ni aibu, watu wa kanisani wanamwona; kwamba asiyeweza kusema anaweza kuitikia au kukataa kwa kichwa, na yeye alikuwa anatazama tu mama yake akilala na uvundo chumba cha pili na kulia kila asubuhi bure; kwamba kesho atasimama na atatembea mpaka kwenye mibuni, hata kama ni kwa kuanguka, na asithubutu kutaka mto. Mume wangu aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu, na upande mmoja wa mdomo wake, ule unaoweza, ukatetemeka, nikaona anacheka.

Nilikaa chini palepale barazani, miguu imelowa, nikalia kwa sauti sasa, na hakuna aliyenibembeleza, kwa sababu mama hakuwa amemaliza kumsema mwanawe.